Kiti cha Tatu, Dirishani

Kiti hakina jina, jina analo mkaaji. Ndivyo walivyokutania wenzangu wa viti vingine, Atupele, nawe ukabaki umesimama na bomba la sindano mkononi. Usione haya. Weka hilo bomba kwenye sinia, mwambie na mwenzako Enea asogee. Mashine hainikimbii. Miaka thelathini nilikuwa nesi katika chumba hiki cha kusafishia damu, na sasa figo zangu zimenirudisha kama mgonjwa. Mnauliza msemo huu umetoka wapi? Haukutoka kwa wahenga. Ulianzia humu humu, asubuhi ya ukungu kama hii, na aliyekosea ni mimi.

Wakati ule viti vilikuwa sita. Wagonjwa walikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne nzima kila mara, na aliyekaa kiti fulani siku ya kwanza hakukihama tena, kama waumini na mabenchi yao kanisani. Tuliwajua mno. Tuliita viti: "Namba Tatu apimwe uzito. Namba Sita ana homa?" Majina tuliyaacha kwenye mafaili, yakalala.

Kiti hiki cha tatu kilikuwa cha Bi Leokadia, mshonaji mwenye maneno mengi. Cha sita, pale mlangoni penye baridi, kilikuwa cha Bi Twilumba, mkulima wa viazi, mpole kiasi kwamba hata ukimkanyaga angekuomba radhi yeye. Wiki ile Bi Twilumba alikuwa na kidonda cha tumbo kilichokuwa kimevuja damu. Mnajua kwamba damu ikipita kwenye mirija ya mashine hupenda kuganda, ndiyo maana wagonjwa wengi huchomwa dawa ya kuizuia isigande. Kwa Bi Twilumba dawa hiyo ingekifungua kidonda, naye angetokwa na damu tumboni mpaka afe. Daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: asipewe hata tone. Nilisoma kwa macho yangu. Nikajiambia, haya, Namba Sita hapana.

Asubuhi ile ukungu ulishuka kutoka kwenye misonobari ukaja kujibandika dirishani, mweupe, mzito, hata hatukuona ua wala ukuta. Mashine zilivuma taratibu. Wagonjwa walijifunika mablanketi ya kijivu mpaka kidevuni, vitambaa vichwani, wakasinzia mmoja mmoja. Mimi nilitembea kati yao nikihisi kwamba chumba kizima kinaelea na sisi sote tumo ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Palikuwa pazuri. Nakiri, nilipapenda.

Nisichokijua ni kwamba Bi Leokadia alikuwa amemwona mwenzake akitetemeka pale mlangoni, akamwambia, "Nenda kwangu dirishani, kuna hita." Wakabadilishana. Ulikuwa wema mtupu. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza.

Nikaja na sindano ya Bi Leokadia. Niliona kiti, nikaona blanketi, nikaona mrija.

"Bi Leokadia, sivyo?" nikasema, huku mkono umeshaanza kazi.

"Abee," ikaitika sauti kutoka mbali.

Baadaye mwenye sauti hiyo alinisimulia. Alikuwa akiota kwamba ni msichana tena, yuko shambani, na mama yake anamwita kutoka ng'ambo ya bonde, asionekane kwa ukungu. Angeitika jina lolote.

Nikasukuma dawa. Ilifika nusu, ndipo nikasikia ukelele kutoka mlangoni.

"Sista! Hiyo si dawa yangu? Mbona unampa Twilumba?"

Nikalichomoa bomba. Nililivuta lile blanketi nikaona uso, na uso ulikuwa wa Bi Twilumba, umefumba macho, unatabasamu. Nilipiga kelele nikimwita daktari. Alikuja mbio, akamchoma dawa ya kuikata ile ya kwanza, lakini mchana ule Bi Twilumba alitapika damu. Akaongezwa chupa mbili za damu. Siku tatu alilala wodini bila kufumbua macho. Niliingia stoo ya mashuka nikalia kama mtoto, kwa sababu nilimpenda yule mama, na nilikuwa karibu kumuua kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya nne alifumbua macho. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe."

Akanigeuzia uso. "Kwani hukuniuliza?"

"Niliuliza. Nilisema, Bi Leokadia, sivyo?"

"Hapo ulikiuliza kiti," akasema, akanishika vidole. "Na kiti hakina jina, Sista. Jina analo mkaaji. Siku nyingine nyamaza, uniache nilitaje mwenyewe."

Aliporudi kwenye mashine nilimsimamia mbele. "Jina lako nani, mama?" Wagonjwa wakaangua kicheko, maana nilikuwa nimemjua miaka sita. Yeye hakucheka. Akajinyoosha akasema, "Twilumba Luvanda. Nimezaliwa mwaka wa nzige." Tukaandika hivyo hivyo kwenye bangili yake ya plastiki: mwaka wa nzige. Tangu siku ile kila mgonjwa akavalishwa bangili, na hakuna nesi aliyepokea "ndiyo" wala "abee" kuwa ni jina. Bi Twilumba alikaa nasi miaka tisa mingine. Kila mara nilimuuliza, kila mara alinijibu, mpaka alipofariki nyumbani kwake, kitandani, wanawe wakiwa pembeni.

Haya, Atupele, chukua bomba lako. Mbona unasita? Unanijua, ndiyo. Nilikufundisha chuoni mpaka ukanichoka. Usinijue leo. Na mkono wangu nauficha chini ya blanketi mpaka uniulize.

"Jina lako nani, mama?"

Eufrasia Mligo. Nimezaliwa tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano. Sasa soma bangili. Soma na karatasi ya kwenye bomba. Yamelingana? Basi mkono huu hapa, uchome bila woga, nami nitalala. Kiti hakina jina, binti yangu. Jina analo mkaaji.