Kwa Nini Chemchemi Yetu Iliteremka Bondeni

Zamani hizo maji hayakuwa bondeni. Chemchemi ilikuwa hapa hapa juu, katikati ya nyumba, na mama aliweza kuchota huku anaangalia chungu chake jikoni. Ilikuwa na kifuniko kilichosukwa kwa matete, chepesi hata kwa mtoto. Chemchemi haikudai mbuzi wala pombe. Ilitaka jambo moja tu: anayechota, akimaliza, afunike.

Watu wazima walifunika. Shida ilikuwa watoto, na shida ya watoto ilitoka kwa mama zao. Siku hizo mtoto akionekana amebeba hata kijiti cha kuni, majirani walinong'ona, "Maskini, huyu hana mama." Basi kila mwanamke alijitahidi mtoto wake asishike kitu. Alimwokotea kata aliyoitupa, akamfutia matope aliyoyaingiza ndani, akamfuata nyuma kutwa nzima.

Nambua alikuwa mmoja wa wanawake hao. Alikuwa na watoto wawili, Senzota na mdogo wake Nakunda, na wa tatu alikuwa amekaribia kuzaliwa. Kila siku alikuta chemchemi iko wazi, majani yanaelea, mbuzi ametia pua.

"Nani ameiacha wazi?"

"Siyo mimi," alisema Senzota. "Mimi nilikunywa wa kwanza."

"Siyo mimi," alisema Nakunda, kidevu bado kinachuruzika maji. "Kifuniko kimeondoka chenyewe."

"Chenyewe! Kina miguu?"

"Labda ni upepo, mama."

Nambua alishusha pumzi, akainama na tumbo lake, akaopoa majani, akafunika. Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vile vile, akainama tena. Nyumba ya jirani ilikuwa hivyo hivyo, na ya pili yake pia. Kijiji kizima kilijaa kina mama wanaouliza na watoto wanaojibu, "Siyo mimi."

Nambua alijifungua mtoto wa kike. Kabla hajamaliza siku zake za kukaa ndani, mbuzi alitumbukia kwenye chemchemi na kuyavuruga maji yote. Chemchemi ikachoka. Mchana kweupe ilinyanyuka, ikapita kati ya nyumba kama mgeni aliyeudhika asiyetaka kuaga, ikateremka mpaka chini kabisa bondeni.

Watu waliifuata na mitungi. Kila mtu mzima alipoinama kuchota, maji yalizama mchangani. Wanaume walichimba kwa majembe, maji yakazama zaidi.

"Nyinyi sikuwaita," ilisema chemchemi. "Walioniacha wazi wako wapi?"

"Ni wadogo," walisihi. "Tutakufunika sisi kwa niaba yao."

"Si ndivyo mlivyofanya siku zote?"

Wakarudi na mitungi mitupu. Nyumbani Nambua alikuwa hajanywa kitu, na maziwa yake yalianza kukauka. Mtoto mchanga alinyonya, akaachia, akalia. Kilio kikapungua, na huko kupungua ndiko kulikomtisha mama yake.

Alichukua kibuyu kidogo kilichokuwa cha mbegu, akakimwaga, akakifunga kamba.

"Senzota, nenda bondeni."

"Lakini siyo mimi niliyeacha..."

"Sikukuuliza! Basi Nakunda, shika wewe."

Jirani yake, Naetwe, aliyekuja kumsaidia, alishtuka. "Mwenzangu, watasema mtoto huyu hana mama."

"Waache waseme. Huyu mchanga akifa watasema nini?"

Nakunda aliteremka. Chemchemi ilimtazama, ikamwachia maji, naye akajaza kibuyu kwa mikono miwili. Njiani aliteleza, maji yakamwagika yote, akaketi chini na kuangua kilio akisubiri aokotwe. Naetwe alikwisha kukunja kanga kwenda kumchukua.

"Mwache!" Nambua alipiga kelele kutoka mlangoni. Ilimuuma kusema hivyo, lakini alisema. "Mwache, anajua njia!"

Nakunda alilia mpaka akaona hakuna anayekuja. Akainuka, akarudi chini, akachota tena. Alipofika juu nguo ilikuwa imelowa, na kibuyu kilikuwa na maji nusu. Nambua alikipokea haraka. Kilipofika mdomoni, alikishusha.

"Umefunika?"

Nakunda alifungua mdomo. Naetwe alijua kinachokuja, na Nambua alijua, maana walikisikia kila siku. Mtoto alitazama kibuyu, akamtazama mdogo wake aliyekuwa kimya kifuani.

"Nimesahau," alisema.

Akageuka, bila kutumwa, akakimbia kuteremka kilima kile kirefu na miguu yake mifupi. Huko chini chemchemi ilikuwa imekwisha kuanza kuzama tena. Ilisikia vishindo vidogo vinakuja, ikangoja. Nakunda alivunja matete, akayapanga juu ya maji, akayabana kwa jiwe. Juu mlimani, Nambua alikunywa, na jioni mtoto mchanga alilia kwa nguvu mpaka majirani wakachoka naye.

Na tangu siku hiyo maji yetu yako bondeni. Tumeyasihi yapande, lakini chemchemi haijatuamini kiasi hicho. Mtoto akijua kutembea vizuri, hupewa kibuyu chake, siku hizi kidumu, na mama yake huketi mlangoni akijishika mikono ili asimkimbilie. Mtoto akirudi, mama hanywi kwanza. Huuliza, "Umefunika?" Ndiyo maana mgeni anayepanda kuja kwetu hukutana na watoto wanaoteremka mbio, mikono mitupu, hawana hata muda wa kumwamkia.