Jina la Kiota cha Mwezini

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu waliacha mashine mwezini zisikilize mwezi unavyotetemeka. Mitetemo ikahifadhiwa kwenye tepu, na tepu zikasahauliwa stoo.

Watatu wakapewa kazi ya kuzifufua. Hiza alizisafisha ukungu. Baba yake, Shekiondo, ndiye aliyekuwa mlinzi wa stoo. Zilipotakiwa kuchomwa alikataa, akazitunza mpaka akafa. Mwanakheri alitenga tetemeko na kelele, maana mashine nazo hutoa milio zikipata joto la jua. Chausiku alitafuta kila tetemeko lilikotokea.

Mwanakheri alikuwa amemzika Riziki, bintiye wa pekee. Alifanya kazi taratibu, akimtaja Mungu kimoyomoyo.

Siku moja Chausiku, aliyezoea matetemeko ya duniani, aliona mistari isiyotulia. "Tetemeko gani hili, saa nzima halijakoma? Mashine mbovu hiyo. Futeni."

"Tusifute, mwanangu," alisema Mwanakheri. "Huku kwetu mwamba una maji, hutulia upesi. Kule ni kukavu. Mwamba wa kule ukianza kulia, hulia sana."

"Mama, usituletee msiba kazini!"

Machozi yakamlenga Mwanakheri. Lakini mistari ile hakuifuta.

Baadaye Chausiku akarudi kwenye mistari ileile. Akaipanga na ya siku nyingine, mmoja juu ya mwingine. Ikalingana! Kila mara mwezi uliposogea karibu na dunia, ulitetemeka palepale, chini kabisa. Kilikuwa kiota kimoja cha matetemeko, ambacho hakuna aliyekijua.

Mkuu wao akatandaza ramani. "Kiota kimoja, jina moja. Semeni."

"Kiitwe Shekiondo," alisema Hiza. "Bila baba mngesikiliza nini, majivu?"

"Kiitwe Riziki," alisema Mwanakheri. "Chausiku alitaka kifutwe, nikakataa. Wenzangu huwapa wajukuu majina ya marehemu wao. Mimi sitapata mjukuu. Jina la mwanangu litaishia kaburini."

Chausiku akainama. "Nisamehe, mama, nilikukosea. Lakini kwenu ilikuwa mistari tu. Aliyekiona kiota ni mimi; kiitwe Chausiku. Nami sina marehemu wa kumtaja. Je, aliye hai hana haki ya jina lake?"

Mkuu akashika kalamu, akawatazama mmoja mmoja, asiandike.

Nanyi mnaonisikiliza, Mungu awape busara: kiota kile kilistahili jina la nani?