Mchwa Ndani ya Nguzo ya Nakiete

Mama mmoja, jina lake Nakiete, alikuwa na nyumba ya udongo yenye paa linalovuja. Paa lile lilishindikana kuezekwa upya, ila kila asubuhi alipanda ngazi akachomeka nyasi penye tundu, na siku aliyochomeka, maji hayakuingia. Miaka minne hakukosa hata asubuhi moja. Majirani walimsifu, naye akalala vizuri na mwanawe Sifaeli, chini ya nguzo ya kati.

Basi ikatokea michirizi ya udongo kwenye nguzo, myembamba kama uzi. Nakiete akaiona, akashtuka, akajiambia ni lile lile paa, ni maji ya zamani, kitu gani kingine, akakanda udongo mbichi akaipaka nguzo yote ikapendeza. Michirizi ikarudi. Akapaka tena.

Siku moja fundi Seuri alimletea nyasi, akanyoosha mkono agonge nguzo. Nakiete akamshika mkono.

"Fundi, usinitafutie balaa la pili, hili moja limenitosha!"

"Mama Sifaeli, la pili haliombi ruhusa kwa la kwanza."

Akagonga. Nguzo ikalia kama ngoma. Mchwa walikuwamo, na kwa kuwa mti ulishalowa kabla mama hajaanza kuchomeka nyasi, walikuwa wameula upesi kuliko wanavyokula mti mkavu. Nakiete akamtazama mtoto aliyelala pale chini, akamwinua kifuani hata mtoto akalia. Kumbe mchwa si kama paa, mchwa wanaisha. Seuri akachimba, akamwaga dawa, akarudi kila juma kwa majuma kumi na mawili, hata wakafa wote. Uwazi ndani ya nguzo haukujaa, lakini mti uliobaki ulitosha kuibeba nyumba, nayo imesimama, na Nakiete bado anapanda ngazi yake asubuhi, tena anaimba.

Jamani, nyumba ni mwili. Paa ni VVU, nyasi ni dawa tunazomeza kila siku, na mchwa ni homa ya ini aina ya C, ambayo hulila ini kimya kimya, na kwetu sisi wenye VVU hulila haraka zaidi, ingawa ina tiba inayoimaliza. Wewe unayesema uchovu wako ni ule ule wa siku zote, homa ya ini umepimwa lini?