Figa la Tatu la Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama wagonjwa. Paukwa!

PAKAWA!

Kunde zipo?

Zipo!

Basi zichambueni huku mnasikiliza. Hadithi yangu siwapi watu waliokaa bure. Na wewe Shaame, kunde hutiwa ungoni, si puani.

Hapo kale palikuwa na kijiji juu ya kilima, na katika kijiji hicho palikuwa na msichana, jina lake Mashavu. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na dada wa baba yake, Shangazi Mize. Huyu Shangazi Mize alikuwa mkunga. Kijiji kizima kilizaliwa mikononi mwake. Alikuwa na mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi, lakini alimpenda Mashavu. Nawaambia mapema, maana sasa hivi mtamkasirikia.

Watu wa kijiji kile walikuwa na desturi. Mtoto akishakuwa mkubwa hukabidhiwa kazi mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hujulikana kwa kazi yake. Huyu mkulima, huyu mhunzi, huyu mrina asali.

Mwaka wa kwanza Mashavu akakabidhiwa ufinyanzi. Akatumwa bondeni kuchimba udongo, akachelewa. Walipomfuata walimkuta jalalani, ameketi na vigae vya vyungu vilivyovunjika, anavipanga kimoja baada ya kimoja aone vinakutana wapi. Chungu kipya hakufinyanga hata kimoja. Kazi ikarudishwa.

Mwaka wa pili akakabidhiwa ususi. Akapewa ukindu, asuke mkeka wa harusi ya jirani. Siku ya harusi ikafika, mkeka hakuna. Ukindu wote Mashavu alikuwa ameumalizia kwenye mkeka wa zamani wa bibi mmoja, uliokuwa na tundu la kupita kuku. Kazi ikarudishwa.

Mwaka wa tatu akakabidhiwa mbuzi. Mbuzi wana shida gani? Unawafuata, wanakula, unarudi nao. Lakini njiani Mashavu aliona ua wa mtu umeanguka, akaketi kuufunga upya. Alipoinua kichwa, mbuzi walikuwa katika shamba la jumbe, wameshamaliza kunde na sasa wanatafuna maboga.

Mnacheka? Mashavu hakucheka. Wenzake wote walikuwa na kazi zao, yeye hana. Kisimani wakimwona husema, "Ee, wewe ndiye nani vile?" Akawa anakwenda kuteka maji saa ambazo watu hawapo.

Sasa, kulikuwa na mwiko mmoja. Neno "hujijui" halikusemwa nje ya nyumba. Hasira zikikupanda unaingia ndani, unafunga mlango, ndipo unasema. Kwa sababu nyuma ya kilima cha saba alikaa zimwi, na zimwi huyo hakusikia ngoma, hakusikia radi, ila neno hilo likisemwa nje alilisikia hata kwa kunong'ona.

Siku ile ya mbuzi, Shangazi Mize alikuwa uani anatwanga. Jumbe akaja kulalamika, akasema na mengine yasiyohusu mbuzi. Alipoondoka, shangazi akauweka mchi chini, akamtazama Mashavu, akapiga kelele palepale uani.

"Hujijui! Hujijui! Hujijui!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno limeshatoka.

Zimwi hakuvunja nyumba wala hakung'oa mti. Alikuja kama mgeni, akasimama nje ya ua, akabisha hodi. Nani amkaribishe? Akaingia hivyo hivyo.

"Nimesikia naitwa," akasema. "Yuko wapi asiyejijua?"

Shangazi Mize akajitupa mbele yake. "Nichukue mimi!"

"Wewe nani?"

"Mimi ni mkunga."

Zimwi akamnusa, akakunja uso. "Kweli wewe ni mkunga. Hunifai." Akamchukua Mashavu kwapani, akaondoka naye. Shangazi akamfuata akilia hadi kilima cha kwanza, hadi cha pili, hadi cha tatu, pumzi zikamwishia.

Basi wakafika. Ua wa zimwi ulikuwa mpana, umejaa vyombo vya kazi nyingi: majembe, mitego, nyundo, ukindu, udongo, ngoma. Katikati palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na mafiga mawili. Chungu kikubwa kimelala ubavu chini.

"Unaona taabu yangu?" zimwi akasema. "Miaka yote nakula vibichi. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili."

"Mawe yako tele huko njiani," Mashavu akasema.

"Mawe ya njiani hupasuka kwa moto wangu. Figa langu hutengenezwa kwa mtu asiyejijua. Sasa sikiliza. Siku tatu, kila alasiri, nitakuuliza wewe nani. Ukinijibu kweli, nitakufungulia lango. Ukinijibu uongo mara tatu, utakuwa figa langu la tatu. Ndiyo sheria, niliikuta kwa bibi yangu." Akaenda zake kuwinda.

Mashavu akazunguka ua mzima akitafuta pa kutokea. Hakupata. Huku anazunguka anawaza, "Nitamwambia nini? Nitamwambia nini?" Na huku anawaza, mikono yake ilikuwa inafunga fito za ua zilizolegea, moja, nyingine, nyingine tena. Wala hakujua kama anazifunga.

Alasiri zimwi akarudi. "Wewe nani?"

"Mimi Mashavu."

"Hilo ni jina, ulipewa na watu. Wewe nani?"

Mashavu akakumbuka kazi aliyopewa kwanza. "Mimi ni mfinyanzi."

"Finyanga."

Akafinyanga. Zimwi akakipulizia chungu pumzi yake ya moto, kikaiva papo hapo. Akatia maji. Maji yakatoka pande zote.

"Uongo," zimwi akasema. Akamweka Mashavu mahali pa figa la tatu, na miguu yake ikawa jiwe mpaka magotini.

Siku ya pili zimwi akaenda zake kuwinda. Mashavu hakuweza kutembea tena. Akalia sana. Ndipo akasikia sauti karibu naye.

"Usilie, majivu yataniganda."

Ni figa la kwanza lililosema. Kumbe mafiga yale yalikuwa watu! La kwanza lilikuwa kijana aitwaye Kombo. "Mimi nilisema ni mwindaji," akamweleza, "kwa sababu baba yangu alikuwa mwindaji." La pili lilikuwa msichana aitwaye Zuwena. "Mimi nilisema ni mpishi," akasema, "kwa sababu wapishi walikuwa wakisifiwa."

Wakazungumza mchana kutwa. Na huku wanazungumza, mkono wa Mashavu ukafikia kapu la zimwi lililokuwa limetoka kitako, akawa analishona kwa ukindu. Wala hakujua kama analishona.

Alasiri zimwi akarudi. "Wewe nani?"

Mashavu akafikiria wenzake wa kijijini, wanavyosuka huku wanaimba. "Mimi ni msusi."

"Suka."

Akasuka. Mkeka ukatoka umepinda, upande mmoja mpana, mwingine mwembamba.

"Uongo," zimwi akasema. Na Mashavu akawa jiwe mpaka kiunoni.

Siku ya tatu zimwi hakwenda mbali. Alikwenda kutafuta kuni za kupikia, maana alijua jioni atakula kilichoiva. Alikuwa anaimba. Mashavu alimsikia, akaogopa.

Kombo akasema, "Mwambie wewe ni mrina asali. Hana mzinga wa kukujaribia."

Karibu ya Mashavu palikuwa na kibuyu cha maji cha zimwi, kimepasuka toka shingoni hadi chini. Akachukua mwiba mrefu, akatoboa matundu madogo madogo kando ya ufa. Akapitisha uzi wa mkonge, akaukaza. Akapaka nta juu yake, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikalainika.

"Unafanya nini?" Zuwena akamwuliza.

"Nafanya nini? Sifanyi kitu. Nawaza."

"Mashavu, unashona kibuyu."

"Ah! Kilikuwa kimepasuka."

"Ni cha zimwi. Zimwi anayetaka kukuinjikia chungu kichwani. Nani amekuambia ukishone?"

"Hakuna aliyeniambia. Ningekiachaje?"

"Mimi nimekiangalia miaka saba," Zuwena akasema, "wala sikuwahi kuona kama kimepasuka."

Mashavu akakitazama kibuyu. Akalitazama kapu. Akautazama ua, fito zote zimenyooka. Akavikumbuka vile vigae vya jalalani, na mkeka wa bibi, na ule ua ulioanguka siku ya mbuzi. Miaka yote alidhani ule ni uzembe wake. Alikuwa akiuonea haya, akiuficha, akijilaumu. Akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Alifurahi, jamani. Alifurahi na nusu yake ni jiwe.

Alasiri zimwi akarudi na mzigo wa kuni. "Wewe nani?"

"Mimi ni fundi wa vilivyoharibika."

Zimwi akautua mzigo. "Kazi hiyo siijui. Nani amekukabidhi?"

"Hakuna aliyenikabidhi. Tazama ua wako. Tazama kapu lako. Tazama kibuyu chako."

Zimwi akausukuma ua, ua haukuyumba. Akatia mawe kapuni, kapu halikuachia. Akajaza kibuyu maji, akakiinua juu ya kichwa chake, akangoja tone. Akangoja. Akangoja. Halikudondoka hata tone moja.

"Kweli," zimwi akasema, na neno hilo lilimwuma. Lile jiwe likabanduka mwilini mwa Mashavu, likaanguka chini vipande vipande. Lango likafunguka.

Mashavu akakimbia. Ungekuwa wewe usingekimbia? Akafika langoni, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani. Akageuka nyuma, akayaona mafiga mawili. Moja lilikuwa limepata ufa. Mtu mwingine angeendelea na safari. Mashavu ufa hakuweza kuupita. Akarudi.

"Kombo," akasema, "ulipokuwa mdogo, ukitumwa, ulikuwa ukichelewa wapi?"

"Njiani," Kombo akajibu. "Baba akinituma mtegoni nilikuwa nasimama kusikiliza ndege. Nilimjua kila mmoja kwa sauti yake, na nikimwita anaitika. Baba alinichapa. Alisema mwindaji haongei na kitoweo."

"Basi sema wewe nani. Mimi siwezi kukusemea."

"Mimi... mimi ni mwita ndege."

Jiwe likabanduka. Kombo akasimama, mguu mmoja umekufa ganzi.

"Na wewe Zuwena, ulikuwa ukichelewa wapi?"

"Mama akinituma kuomba kaa la moto kwa jirani, nilikuwa namkuta bibi wa nyumba ile anaumwa. Nakaa namsugua miguu mpaka kaa linazimika. Nikirudi nagombezwa. Mimi ni muuguzi. Lo! Mimi ni muuguzi."

Jiwe likabanduka.

"Mafiga yangu!" zimwi akalia. "Mmenimalizia mafiga yangu!"

Mashavu akamgeukia. "Na wewe, wewe nani?"

"Mimi zimwi."

"Hilo wanakuita wanaokukimbia. Wewe nani?"

"Mimi ni mgeuza watu mawe."

"Hiyo ni kazi ya bibi yako. Ulipokuwa mdogo, ukitumwa, ulikuwa ukichelewa wapi?"

Zimwi akajikuna sikio. "Mimi sijawahi kutumwa mahali," akasema polepole.

Akaketi juu ya kuni zake, ameshika tama. Baadaye akainuka, akatoka kwa lango lile lile lililokuwa wazi. Alikwenda anatembea polepole, anasimama kila kichaka, anachungulia, labda ataona kitu cha kumchelewesha. Mpaka leo hajarudi.

Basi wale watatu wakashika njia. Kombo akawaongoza, ndege wakimwonyesha maji yalipo. Mashavu akafika kwao siku ya tatu asubuhi. Shangazi Mize alikuwa ameketi nje ya mlango. Hajala, hajatwanga, hajasema neno tangu siku ile. Alipomwona Mashavu, na kusikia yaliyompata, akaanguka miguuni pake.

"Mwanangu, kosa ni langu. Nilikutamkia neno lile mbele ya dunia. Wewe sasa wasemekana ni fundi wa vilivyoharibika. Nitengenezee na hili."

Mashavu akamwinua, akamkumbatia. Alimpenda sana shangazi yake, na alikuwa na hasira naye bado, na vyote viwili vilikuwa kweli.

"Hili siliwezi, shangazi," akasema. "Hili ulilivunja wewe, utalitengeneza wewe."

Shangazi Mize akafuta machozi. Akasimama palepale uani alipokuwa siku ile, kando ya kinu. Watu wakatoka majumbani, wakaziba masikio kwa hofu. Akapaza sauti, akapaza mpaka kilima cha saba.

"Mashavu anajijua! Mashavu anajijua! Mimi ndiye niliyekuwa simjui!"

Hadithi yangu naitua hapo, nimeibeba imenitosha. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka amwachie mwenzake.

Na maana yake ni hii. Watu watakuambia wewe ni nani, na wengine watakuambia kwa upendo. Wasikilize, usiwavunjie heshima. Lakini uangalie pia mikono yako inakwenda wapi wakati hakuna aliyeituma, na njiani huwa unachelewa wapi. Hapo ndipo ulipo.

Haya, leteni ungo nione. Shaame! Za wenzako zimechambuliwa, zako umezipanga mstari kwa rangi. Nani amekuambia uzipange?

Hakuna, eh?

Basi ziache hivyo hivyo, nizitazame.