Mtamba wa Aliyemliza Tuntufye

Ndugu zangu, sogeeni. Nina kesi iliyonishinda, nanyi Mungu amewajalia akili kuliko mimi.

Kwetu Rungwe walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Ambindwile alijaliwa kutunga nyimbo. Mama Subilaga alijaliwa maneno. Mwalimu Nsajigwa alijaliwa tarumbeta.

Mzee Ambindwile, ujanani mwake, alitunga igizo la kuimba kwa Kinyakyusa. Mchungaji wa kondoo na binti wanapendana. Jitu lenye wivu linamponda kijana kwa jiwe. Pale alipoangukia inabubujika chemchemi. Alilitungia sauti za watu na ngoma moja, basi. Likaimbwa miaka mitatu, kisha daftari lake likalala sandukuni miaka arobaini.

Mama Subilaga akalitoa. Akaligeuza Kiswahili, wajukuu na wageni waelewe, bila kusogeza noti hata moja. Penye neno fupi alitafuta neno fupi, na maharage yake mengi yaliungua akilitafuta.

Mwalimu Nsajigwa akasema, "Uwanjani sauti tupu zitapotea kama moshi." Akaliandikia tarumbeta saba. Pale kijana anapokufa, ambapo Mzee aliacha kimya, yeye akaweka tarumbeta moja inayolia polepole.

Mazoezini Mzee aliinuka. "Mwalimu! Umemuua mtoto wangu mara ya pili!"

"Baba, uliyemuua ni wewe. Mimi nimemzika tu kwa heshima."

"Na maneno yake ya mwisho nimeandika mimi," Mama Subilaga akadakia. "Acheni kugombea maiti, tuimbe!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya, piga tena, tumsikie."

Jumatatu ya Pasaka uwanja ulijaa. Alikuwapo Bwana Tuntufye, mkulima wa chai, ambaye kwa miaka tisa hakusema na mdogo wake kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kijana wa igizo alipokufa, Tuntufye alilia kwa sauti, akavuka uwanja, akamkumbatia ndugu yake mbele za watu.

Kesho yake alileta kanisani mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. "Mpeni aliyeniliza."

"Ni yupi kati yao?" wazee wa kanisa tukauliza.

"Nitajuaje? Nililia tu."

Mtamba hagawanywi. Tena tulikubaliana kwamba atakayempokea ndiye atakayeandikwa mwenye igizo.

Mzee Ambindwile akasema, "Huyo kijana nilimzaa mimi. Hawa wamemvisha nguo, tena nzuri, siwanyimi sifa."

Mama Subilaga akasema, "Tuntufye amekulia Tabora, Kinyakyusa kinampiga chenga. Angelilia asichokielewa?"

Mwalimu Nsajigwa akasema, "Alikaa nyuma kabisa, penye upepo. Bila tarumbeta angesikia nini? Na alilia pale pale ilipoanza."

Kila aliposema mmoja, nilimpa haki. Akisema wa pili, nikamnyang'anya wa kwanza. Zamu yangu ya kuamua ilipofika, nakiri, nilisema, "Tuombe," nikaomba sala ndefu kusudi mwenzangu anitangulie kupata jibu. Mungu anisamehe, sala haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Tulipofumbua macho, kila mzee alikuwa akimtazama mwenzake. Nje, wale watatu walikuwa wakimlisha mtamba majani kwa zamu, wakibishana na kuchekana.

Basi mimi nimeshindwa. Wewe unayesikiliza, kamba ya mtamba ungeiweka mkononi mwa nani?