Kitovu cha Mheshimiwa Kiboko

Ngano hii aliitoa kwanza Bi Somoe Mbonde, shangazi wa baba yetu, masika ya mwaka 1974, tukipukuchua mahindi nyumbani kwake Utete. Naiandika kama alivyoitamka.

"Natupa ngano!"

"Tupa, tunaidaka!"

Hapo kale mto uligawa nchi mbili, na kila mwaka nchi hizo zilicheza mpira. Golini upande wa huku alikaa Kima. Mafuriko yalimleta angali mchanga, amekumbatia gogo, na Mama Pelele, mnyama mdogo wa mapangoni, akampokea, akamlea.

Kiboko alikuwa Waziri wa Mpira. Mpira wenyewe hakuujua. Alichojua ni kwamba mpwa wake analitaka goli. Mpwa huyo alishajaribiwa, akaukalia mpira, paa! Ukapasuka.

Ikabaki siku moja mechi ichezwe. Kiboko akatoa amri: hachezi mtu ambaye kitovu chake hakikuzikwa upande huu. Mgeni avushwe kwao. Akawapanga wachezaji mstari.

"Ngiri, kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Chini ya mkwaju, mheshimiwa."

"Pita! Kanga, kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Nyuma ya jiko la mama, mheshimiwa."

"Pita! Kima, kitovu chako kimezikwa wapi?"

Kima akamtazama mama yake. Mama Pelele akatazama chini.

"Mgeni! Kesho alfajiri avushwe!"

Ng'ambo hakuna aliyemjua hata kwa jina. "Mama," akanong'ona, "kwetu ni wapi?"

"Kwenu ni hapa nilipokuogesha. Nyamaza, mwanangu. Hebu nimuulize mkubwa jambo dogo."

Akasogea. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, usiye na mkia. Sema upesi."

"Tunataka kukuenzi. Shamba kilipozikwa kitovu cha waziri liwe lake, pamoja na mazao yote. Ni lipi?"

Kiboko akageuza shingo. Huku, mtama mkavu, chakara-chakara. Ng'ambo, maboga, makubwa, yameiva. Mate yakamdondoka, to! to! to!

"Lile la maboga! Mama yangu mwenyewe alinionyesha!"

"Lipi, mheshimiwa? Wa nyuma hawakusikia."

"La ng'ambo! Viziwi nyie?"

Kanga akaanza, ke-ke-ke. Ngiri akauliza kwa adabu, "Basi kesho mnavuka wawili, mheshimiwa?"

Kiboko akameza mate. "Amri imefutwa," akanong'ona.

"Kwa sauti, mheshimiwa. Mwanangu asikie."

"Imefutwa!" Akajitosa mtoni, chubwi!

Kima alidaka. Mipira sita alidaka, wa saba ukampita, wakatoka sare. Jioni Mama Pelele akamkata kishungi cha nywele, akakizika kizingitini mwa pango lao, akakishindilia kwa kiganja.

"Atakayekuuliza tena, mlete hapa."

Funzo, wanangu: mgeni msimpe mlango aulinde. Ataulinda vizuri, nanyi mtasahau kuwa ni mgeni.

Ngano imefika kwao, nanyi nendeni mkale.

Bi Somoe alifariki mwaka 1993, na kaka Mtoro, tuliyeisikiliza naye, akamfuata. Tulio hai ni mimi, dada Mwajuma, na Kiboko.