Kibodi Mpya, Maneno ya Zamani

Wapendwa, hebu toeni simu zenu mzitazame. Haya, zirudisheni upesi! Nawajua. Mkizishika dakika moja tu, mahubiri nitayamalizia na mpiga kinanda peke yake.

Palikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyekosana na dada yake mkubwa. Kisa? Sufuria. Dada aliiazima, ikarudi bila mfuniko. Basi! Miezi saba wanarushiana meseji za matusi kwa ajili ya mfuniko. Mnacheka? Humu ndani wamo walionuniana mwaka wa tatu sasa, na chombo chenyewe wameshakisahau!

Sasa binti wa yule dada akawa anaolewa Jumamosi. Huyu mama ndiye mama yake mdogo, ndiye aliyembeba mgongoni, na hakualikwa. Moyo ukamchoma. Akataka kuandika neno la amani. Lakini kila akiandika "Dada", kibodi inampangia maneno matatu achague: mchoyo, mnafiki, shindwa.

Mbio mpaka kwa fundi simu. "Mwanangu, kibodi hii ina pepo. Niwekee nyingine."

Fundi akamwonyesha yenye mlio wa ndege, yenye rangi za kumetameta, yenye maua. Akachagua ya maua; si anatafuta amani? Kibodi ilipoingia ikauliza: Nikuletee maneno uliyoyazoea?

"Bonyeza ndiyo," mama akasema. "Kwa umri huu nianze upya?"

Akaandika "Dada". Maua yakachanua kioo kizima, na katikati ya maua: mchoyo, mnafiki, shindwa.

"Yesu wangu! Na hii imerogwa!"

"Mama," fundi akasema, kicheko amekibana mbavuni, "kibodi haina kinywa. Inakupakulia ulichopika mwenyewe."

Nani kati yetu hajawahi kubonyeza ile ndiyo? Tunahama kwaya, tunahama mtaa, tunashona kitenge kipya cha Pasaka, halafu tunaomba tuletewe maneno yale yale!

Mama akamrudishia fundi simu. "Futa yote," akasema.

Kibodi ikabaki tupu. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, jasho linamtiririka: Dada, nimekukosea. Nakupenda. Naomba nije nimpambe mwanetu. Akatuma.

Jibu likaja kama risasi: "Wewe mwizi! Rudisha simu ya mdogo wangu!"

Fundi nusura aanguke kwenye stuli. Mama akapiga simu. "Dada, ni mimi."

Dada akashtuka: "Wewe? Unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa, dada. Nimepona."

"Basi njoo!" Dada analia, dada anacheka. "Njoo na cherehani yako, gauni la bibi harusi linambana, na sisi huku tumechanganyikiwa!"

Ndugu zangu, sisi tunaimba kwa sauti zote nne kwamba tumekuwa viumbe vipya. Vizuri. Lakini nyumbani wamepata habari? Baba, leo ukifika, mwambie mkeo, "Mama, asante kwa chakula." Ataangusha mwiko. Atakushika paji la uso aone kama una homa. Usikasirike, wala usirudi nyuma. Okota mwiko, umpe, kisha sema tena. Sema mpaka azoee.